Saadani, hifadhi ya mbung'o

Tulisubiri hadi mwishoni mwa Juni ndipo tuende Hifadhi ya Saadani, kwa sababu ya udongo. Kati ya Mto Wami na Pangani kuna udongo mweusi wa mbuga, ule ambao ukikauka hupasuka nyufa za kumeza unyayo, na ukilowa hung'ang'ania gari hadi bodi. Masika mtu haendi huko kwa starehe. Hata hivyo, baada ya kuiacha Makurunge tulikuta madimbwi yaliyotulazimu kushuka, mimi na dada tukitangulia na fimbo kupima kina, shemeji akitufuata kwa gia ya kwanza.

Langoni askari wa hifadhi alilizunguka gari letu, akacheka. "Kaka, gari la bluu? Pandisheni vioo mapema."

Hatukungoja sana kuelewa. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na rangi zinazomvuta zaidi ni bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Shemeji alikuwa amewaletea mtego wenye magurudumu manne. Walitua kwenye vioo, wakaingia kwenye kila upenyo, wakang'ata hadi kupitia suruali ya jinzi. Dada alikuwa na kanga nyeupe, akang'atwa vilevile, basi msizitegemee nguo tu.

Lakini ukiijua historia ya hapa, huwezi kumlaani mdudu huyo kwa moyo wote. Upande wa Mkwaja, kaskazini, tangu miaka ya 1950 palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe. Vichaka vilifyekwa, ng'ombe wakapewa dawa, na bado nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, haikukoma, huku migunga ikizidi kuota malishoni. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, na ardhi yake ikaja kuunganishwa na pori la akiba la Saadani kuwa hifadhi ya taifa. "Bila hao tungekuwa tunachunga ng'ombe," askari alituambia.

Hii ndiyo hifadhi ya taifa ya Tanzania ambamo wanyama wa nyika hufika hadi Bahari ya Hindi. Ina takriban kilomita za mraba 1,100, na anayekuja akitarajia makundi ya Serengeti atanuna. Wanyama wa hapa ni wa kutafutwa. Twiga wapo wengi, wakichungulia juu ya migunga. Ngiri hawakosekani, tohe, aina ya swala, hulala kwenye majani mpaka ukaribie kumkanyaga, kongoni husimama juu ya kichuguu kama mlinzi. Palahala, swala mkubwa, tulimwona mmoja tu, dume jeusi, pembe zimepinda nyuma hadi karibu na mgongo, akavuka njia bila haraka. Kwangu huyo alitosha kulipa safari nzima.

Tembo je? Kila mtu amesikia habari za tembo wa Saadani kushuka ufukweni. Sisi tulikuta mavi yao, bado na unyevu, na mti uliobanduliwa magome.

Kambi yetu ilikuwa karibu na bahari. Hakuna uzio. Chakula kililala ndani ya gari, sabuni pia, kwa sababu tumbili hawabagui chenye harufu. Kabla ya kutoka hemani usiku unamulika tochi kwanza, ukitafuta macho. Fisi alilia mara kadhaa, na kila akilia shemeji alikumbuka jambo la kusimulia kwa sauti kubwa.

Kijiji cha Saadani kiko mwendo mfupi kutoka hapo. Leo ni kijiji cha wavuvi, lakini zamani misafara ya bara ilishukia hapa, na mwaka 1889 Bwana Heri, kiongozi wa Saadani, alikuwa akipambana na Wajerumani katika eneo hili. Mzee mmoja tuliyemwamkia alituonyesha kuta za jengo la kale, akageukia bei ya kamba wa baharini, ambayo kwake ilikuwa habari kubwa zaidi.

Tulipanda boti mdomoni mwa Wami maji yakijaa. Viboko walikuwa wamejazana penye kina, pua juu, na mwenye boti aliwakwepa kwa mzunguko mpana. Mamba alijitupa majini kutoka kwenye tope la mikoko kabla sijainua kamera.

Madete ndipo tulipokaa zaidi. Kasa wa kijani hupanda ufukwe huo usiku kutaga, mayai mia moja na zaidi kwa shimo, nayo huanguliwa baada ya takriban miezi miwili. Mchanga ukiwa wa moto zaidi, wengi huwa majike. Mlinzi wa viota, kijana wa kijijini, alikuwa akichimbua kiota kilichokwisha kuanguliwa ili ahesabu maganda. Chini kabisa alikuta vifaranga waliokwama. Akawaweka mchangani mbali kidogo na maji watembee wenyewe, akatuzuia tusiwashike wala kuwamulika, maana hufuata mwanga.

"Mdogo wangu, na wale kaa?" dada akauliza.

"Nitasimama nao mpaka wafike majini, dada. Huko mbele sina la kufanya."

Wote walifika. Tukamshukuru, tukaondoka jua halijakolea ili tuwahi pantoni ya Bweni na kuvuka kwenda Pangani.