Niangalizie begi: nani anatazama, na anaruhusiwa kufanya nini

Uko stendi, basi halijafika, na unataka kukimbia chooni mara moja. Humwambii jirani yako wa benchi "niangalie begi". Hapo unajitangaza wewe kuwa ndiye wa kutazamwa. Unasema "niangalizie begi langu". Kile kiungo kilichoongezwa kwenye angalia kinabeba maana ya "kwa niaba yangu", na kinaomba macho tu. Kibaka akilinyakua, jirani atapiga kelele na hakuna atakayemlaumu kwa kutomkimbiza. Ukisema "nilindie" umempa mzigo mwingine, maana kulinda ni pamoja na kuzuia. Ukisema "nishikie", begi linahamia mapajani mwake na likipotea ana maswali ya kujibu.

Ndiyo maana kamusi peke yake haitoshi kwa maneno haya. Ukisoma kwamba kuangalia, kulinda, kukagua, kudhibiti na kusimamia yote yana maana ya kuweka jicho, hujaambiwa kitu. Uliza hivi: mambo yakiharibika, huyu mwenye jicho anaruhusiwa kufanya nini?

Chukua kituo cha kupigia kura. Mwangalizi wa uchaguzi akiona kasoro, anaiandika kwenye daftari lake na kuitaja katika ripoti. Hagusi sanduku, hamwamrishi karani. Msimamizi wa uchaguzi ndiye mwenye amri, na ndiye anayetangaza matokeo. Kati yao yuko wakala wa chama, ambaye analinda kura za mgombea wake na anaweza kuweka malalamiko. Kwa hiyo habari inayosema "waangalizi wa kimataifa wanasimamia uchaguzi" imewapa wageni kazi wasiyo nayo, na msomaji akikasirika ana haki.

Kulinda kuna jambo moja linalowachanganya wanaojifunza Kiswahili ukubwani. Mkulima wa mpunga akisema "naenda kulinda ndege", hawalindi ndege. Anaulinda mpunga wasiushambulie. Kijijini utasikia vilevile "kulinda nguruwe" na "kulinda ngedere". Anayetajwa ni adui, mali haitajwi kwa sababu kila mtu anaijua. Kitenzi mahususi cha kazi hii kipo, kuamia, ingawa wengi wa mjini hawakijui. Mwamiaji hukaa juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa ili aone shamba zima, akiwa na kombeo na mawe au debe la kupiga. Kazi huwa kali mpunga unapotia maziwa, na zaidi asubuhi na alasiri, saa ambazo kwelea kwelea hushuka kula. Anayelala saa hizo amelinda dungu tu.

Sasa simamia, neno lenye kazi nyingi kupita yote. Asili yake ni simama: kusimama penye kazi ya wengine. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, enzi za utumwa, ngazi zilikuwa msimamizi, chini yake nokoa, kisha kadamu. Kwenye mkonge wa Tanga likashika neno mnyapara, na hadi leo ukimwita bosi wako mnyapara, umemtukana kwa heshima.

Lakini simamia lina sura mbili. Katika Katiba ya Tanzania, ibara ya 52 inampa Waziri Mkuu usimamiaji wa shughuli za Serikali za siku hata siku. Maana yake aziendeshe. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na hapo maana yake ni kumbana anayeendesha, bila kushika usukani. Kitenzi ni kilekile. Ukiandika "kamati itasimamia mradi" bila kufafanua, mwenyekiti ataanza kusaini hundi na mhasibu atadai kamati inaingilia kazi yake, na wote wawili watakuwa wamesoma vizuri. Andika "kamati itaendesha mradi" au "kamati itapokea na kuhoji taarifa za mradi kila mwezi". Maneno yanaongezeka, lakini ugomvi unapungua.

Pengine palipo na hasara kubwa kuliko pote ni mirathi. Msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu tu ya jina hilo. Anaweza kuwa mrithi pia, lakini usimamizi ni kazi: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa. Katika Mahakama ya Mwanzo Tanzania, akishateuliwa ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Hesabu zinafuata kwa Fomu Na. 6. Wengi wakishapata barua ya uteuzi huishia hapo, wanahamia nyumba ya marehemu na kupokea kodi za wapangaji. Kwa masikio yao "msimamizi" ni mkubwa wa familia. Mahakama inaweza kumwondoa.

Kagua na dhibiti nayo yatenganishwe kwa wakati. Kukagua huja baada ya jambo. Kudhibiti huja kabla au wakati linatendeka. Kenya, kwa Katiba ya 2010, imeyagawa kwa maofisa wawili: mmoja huidhinisha fedha zitoke, mwingine hukagua hesabu na kutoa ripoti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha. Huyo wa kwanza magazeti humwita mara Mdhibiti wa Bajeti, mara Msimamizi wa Bajeti. La kwanza ni bora, kwa sababu uwezo wake ni wa kusema hapana. Tanzania imewaweka katika kiti kimoja, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na "na" hiyo si pambo.

Halafu kuna herufi. Mdhibiti kwa dh hubana kitu kisipite mpaka. Mthibiti kwa th anatoka kwenye thabiti na thibitisha: anahakikisha kitu ni kweli au kimefikia kiwango. Kwa hiyo wale waliokuwa wakaguzi wa shule Tanzania sasa ni wathibiti ubora, kwa th. EWURA, ile ya huduma za nishati na maji, ni mamlaka ya udhibiti, kwa dh. Barua inayomwita ofisa wa elimu "mdhibiti ubora" inasema kazi yake ni kuuzuia ubora usizidi, na kuna shule ungedhani amefaulu.