Paris siku chache, ratiba imenitoa jasho

Jamani kupanga Paris si mchezo, hasa ukiwa na siku za kuhesabu. Mimi na dada tunafika Ijumaa tunaondoka Jumanne, na mimi nilidhani kazi ni tiketi ya ndege tu, kumbe kasheshe ni siku za kufunga. Jumba la makumbusho la Louvre linafungwa Jumanne, lile la Musée d'Orsay Jumatatu, basi ukizubaa unaishia kupiga picha mlangoni 😂. Ila Louvre Ijumaa iko wazi mpaka saa tatu usiku, kwa hiyo tukishatupa mabegi hotelini tunaenda hukohuko jioni, tiketi tushakata mtandaoni.

Mimi roho yangu iko Orsay bwana, ilikuwa stesheni ya treni, ilifunguliwa 1900, na huko juu kuna saa kubwa ya kioo unasimama nyuma yake unaona mto Seine kupitia katikati ya mishale. Hiyo sikosi.

Mnara wa Eiffel dada anataka lifti, mimi nasema ngazi, ni 674 mpaka ghorofa ya pili na ni bei rahisi, tutaona nani atashinda. Notre-Dame, lile kanisa kuu, kuingia ni bure, imefunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, hiyo tunaipitia asubuhi mapema kabla foleni haijawa nyoka.

Sasa dada kaibuka anataka na Versailles, lile kasri la wafalme nje ya mji huko, na Jumatatu nalo limefungwa! Aliyewahi kuizunguka kwa nusu siku aniambie, manake nishachoka kubishana.