Leo Usituambie Kitu

Jumatano, usiku. Stima imerudi sasa hivi, chai imepoa, na bado nasikia sauti ya Namba 11.

Maneno manne tu. "Madam, leo usituambie kitu." Halafu, baada ya kumeza mate, "Tafadhali."

Mnaopita hapa mara kwa mara mnamjua. Ni yule wa mwaka wa kwanza aliyekuja kwenye mazoezi ya voliboli ya chuo chetu na viatu vya kakake, amejaza magazeti kwenye vidole. Niliandika kwamba ni mfupi kwa kila kazi uwanjani ila ya libero, yule mlinzi wa nyuma wa kuokota mipira, mkacheka. Basi huyo.

Ilikuwa Jumamosi, fainali ya kanda, seti ya tano. Wao 13, sisi 11. Niliomba mapumziko yangu ya pili, yale ya mwisho, na wasichana wakaja wakanizunguka. Nilikuwa na mambo matatu mdomoni: mshambulizi wao mrefu akichoka hupiga kufuata mstari, seta wetu, anayewapangia washambulizi mipira, aache kumlisha mtu mmoja, na anayeanzisha mpira asijitie ushujaa. Sekunde 30 zinatosha mambo matatu ukiyapanga, nami nilikuwa nimeyapanga. Kabla sijatoa la kwanza, yeye akanitazama usoni akasema aliyosema.

Kanuni hazimruhusu libero kuanzisha mpira wala kupiga bloku, yaani kuzuia mpira wavuni. Za kumnyamazisha kocha hazimo.

Nikanyamaza. Sijui kama mmewahi kukaa kimya sekunde 30 mbele ya watu wanaopaswa kukusikiliza. Mtu mmoja alikuwa anakunywa maji, nikahesabu mafunda. Nahodha alikuwa anautazama mchanga. Mkufunzi mwenzangu, yule wa Hisabati anayetubebea sanduku la huduma ya kwanza, alinikodolea macho kama aliyeona mtu akisahau jina lake. Filimbi ikalia, wakarudi uwanjani. 16–14.

Mwiba uko hapo. Tungeshindwa ningemfokea, nikala ugali wangu, nikalala. Lakini tulishinda.

Wiki yenyewe imejaa, kusema kweli: tumefuzu kwenda kitaifa kwa mara ya kwanza tangu nije chuo hiki, mdogo wangu ametolewa mahari, na barua ya kunithibitisha kuwa kocha mkuu baada ya miaka sita ya "kaimu" imefika ikiwa imekunjwa ndani ya faili ya mtihani. Yote nimeyapokea kama mtu anayesalimiwa akiwa na mtungi kichwani. Watu wananipa pongezi, nami moyoni nauliza: kocha mkuu wa nini, ikiwa siku ya siku nimeambiwa nifunge mdomo na kufunga mdomo ndiko kulikofaa?

Maana mimi kazi hii sikuianza kwa kuitwa. Nililetwa hapa kufundisha Kiswahili na michezo, mkuu wa chuo wa wakati huo akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni akasema, "Wewe ni mrefu, chukua voliboli." Huo ndio usaili niliofanyiwa. Mshahara ni ule ule wa mwalimu, vipindi ni vile vile, na mazoezi huanza saa kumi na moja jioni ukiwa umeshasahihisha daftari mpaka mgongo umepinda. Mipira tulikuwa nayo minne, mmoja ukivuja. Wavu nilikuwa naupima kwa mti niliouchonga alama kwenye mita 2.24, na mti huo bado uko nyuma ya stoo, simruhusu mtu auchome kuni. Kozi ya ukocha ya daraja la kwanza nilijilipia nauli. Ukumbini tulikuwa wanawake watatu, na siku ya kwanza mmoja wetu aliombwa alete chai.

Kisha kuna jambo ambalo makocha wa klabu hawalijui. Diploma ya ualimu ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza unamfundisha msichana kusimama, wa pili unamfundisha kutazama, na wa tatu, anapoanza kusoma mikono ya bloku kama unavyosoma ubao, anapewa cheti, anafunga sanduku lake na kwenda kufunza watoto kuhesabu. Ninafurahi kwa ajili yake, halafu narudi kwa wa mwaka wa kwanza wenye magazeti viatuni.

Sasa mtu kama huyo, wa miezi saba, ananiambia ninyamaze.

Desemba ya 2024 nilisoma habari mbili ambazo kichwani mwangu zimekaa chumba kimoja hadi leo. Ya kwanza ilitoka Marekani. Ubingwa wa NCAA, yaani wa vyuo vikuu vya huko, wa voliboli ya wanawake ulianza 1981, na miaka yote hiyo hakuna kocha mkuu mwanamke aliyekuwa ameubeba katika daraja la kwanza. Mwaka huo fainali ilikutanisha makocha wawili wanawake, kwa hiyo mwiko ulikuwa lazima uvunjike upande mmoja au mwingine. Alishinda Katie Schumacher-Cawley wa chuo kikuu cha Penn State, na msimu huo huo alikuwa akitibiwa saratani ya matiti. Nilimwonyesha Baba Watoto picha yake kwenye simu kama ninayemwonyesha shemeji yake. Siku chache baadaye ikaja ya pili, ya hapa kwetu: Janet Wanja hayuko tena, saratani pia. Kwangu mimi niliyekuwa seta, Wanja hakuwa jina la gazetini. Alikwenda Olimpiki ya Athens 2004 na Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, nikiwa msichana, na tulikuwa tukiiga mikono yake nyuma ya bweni, kwa mpira wa karatasi. Alirudi Olimpiki Paris 2024 akiwa mkufunzi wa viungo wa timu, na mwaka huo haukuisha kabla hajaondoka.

Kwa hiyo ndiyo, neno "kocha" likitamkwa kwa mwanamke, mimi hulisikia kwa uzito wake. Labda kwa uzito kupita kiasi.

Jumapili nilimweleza Baba Watoto yote, mpaka mafunda ya maji. Nilitarajia anionee huruma. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Huyo mtoto anaitwa nani? Nataka anifundishe," akasema. "Miaka kumi na minne natafuta namna ya kuisema sentensi hiyo."

Nilinuna. Nilinuna hadi kwenye sinki, na nikiwa naosha sufuria kicheko kikanitoka chenyewe, kwa sababu nilimkumbuka kocha wangu wa sekondari. Yule mzee alikuwa akipaza sauti kuanzia tunaposhuka basi. Ilifika mahali sisi wachezaji tulipatana kimya kimya: akisema "kulia" tunakwenda kushoto, na mara nyingi tulifaulu. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Je, ningekuwa na ujasiri wa Namba 11 ningemwambia nini? Ningemwambia hayo hayo, na bila tafadhali.

Hata hivyo, jana baada ya mazoezi nilimwita. Nilimwambia achukue wavu twende stoo, tukawa tunaukunja pamoja, yeye ncha ile na mimi hii.

"Jumamosi," nikasema. "Mbona ulisema vile?"

Akakunja kidogo kwanza. "Madam, nisamehe."

"Sijakuuliza msamaha."

"Ulikuwa umeshika kile kibao chako, na mkono ulikuwa unatetemeka. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikaona ukianza kuongea na sauti nayo itatetemeka, na wenzangu wangeisikia."

Basi. Akaendelea kukunja wavu.

Sikujua kwamba ninatetemeka. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikidhani ninasimama pale kama mlingoti. Usiku nilijaribu kushika kibao mbele ya kioo, nikajiambia ni 11–13, lakini mkono ulitulia tuli, kwa hiyo hautaki kunishuhudia. Ila namwamini. Kazi yake ni kuokota kitu kabla hakijagusa chini, na macho yake siku hizi hayana mapumziko. Sijaamua kama ninamshukuru au ninaona haya. Leo mazoezini nilimpa mipira thelathini zaidi ya wenzake, akaiokota yote akiwa anacheka, na mimi nikawa ninacheka pia bila kujua ni nani anamwadhibu nani.

Kitaifa ni wiki tatu zijazo. Nauli ya basi bado, jezi za libero ni moja tu.

Mama amepiga simu nikiwa naandika. Ng'ombe hajala tangu jana, sikio moja la moto, la pili la baridi, na daktari wa mifugo simu yake imezimwa. Nimemwambia ampe maji yenye chumvi kidogo na asimwondoe kivulini. Nitapiga tena saa kumi na moja alfajiri.