Kupiga vanishi fanicha nyumbani: kazi inaanza kabla ya kufungua kopo

Vanishi ikibabuka au ikitoka na mabaka, wengi hulaumu kopo. Mara nyingi kosa lilishafanyika mapema: mbao ilikuwa mbichi, namba za msasa zilirukwa, au vumbi lilibaki juu ya uso.

Mbao ya fanicha ya ndani inatakiwa iwe na unyevu wa kama asilimia 8 hadi 12. Ukiipiga vanishi ikiwa na unyevu mwingi, maji yanayotafuta njia ya kutoka yanasukuma ngozi ya vanishi mpaka inaachia. Kama huna kipimo, iache wiki kadhaa ndani ya nyumba, imepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite.

Kwenye msasa anza na namba 80 au 100 ikiwa kuna alama za randa, halafu 120, kisha 180, na umalizie 220. Ukiruka kutoka 80 kwenda 220, mikwaruzo ya 80 inabaki. Kwa macho haionekani, ila rangi unayopaka mbao kabla ya vanishi ikiingia inajaa humo na kuianika yote. Fuata mkondo wa nyuzi, usikate mshazari. Washa tochi, ilaze karibu na uso wa mbao, utaona kila mkwaruzo uliobaki. Miisho ya ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno, inakunywa rangi kuliko uso, kwa hiyo ipige msasa ulio laini kwa hatua moja zaidi, la sivyo itakuwa nyeusi.

Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo na uache pakauke. Nyuzi zitasimama kama vinyweleo vya mkono wakati wa baridi. Zikate kwa 220 iliyokwisha makali, mara moja tu. Ukiiruka hatua hii huku unatumia vanishi ya maji, vanishi yenyewe itazisimamisha na uso utakuwa wa kukwaruza.

Angalia pia gundi iliyovuja kwenye viungo. Ikikauka inaziba vitundu vya mbao, na hapo rangi haiingii, panabaki doa jeupe. Ikwangue kwa patasi, kisha msasa.

Sasa sila, yaani tabaka la kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi. Sila ya kawaida inayochanganywa na tina (kimiminika cha kuipunguzia uzito) hukauka haraka. Piga mkono mmoja, yaani tabaka moja, ikikauka pitisha msasa namba 320 taratibu. Ikitoa unga mweupe, iko tayari. Ikigandamana kwenye msasa, bado. Lakini usiweke sila yoyote chini ya vanishi ya poliyurethani (aina ngumu ya vanishi) bila kusoma kopo, maana sila nyingi zinazosagika kwa msasa hazishikani nayo vizuri. Kwa poliyurethani ya mafuta, mkono wa kwanza wa vanishi hiyohiyo, iliyopunguzwa uzito kwa waiti spiriti (kiyeyushi cha vanishi ya mafuta) sehemu 1 kwa sehemu 9 za vanishi, unatosha kuwa sila.

Koroga kopo polepole, usilitikise, kwani viputo vya hewa vitakauka vikiwa juu ya meza. Mimina kiasi kwenye chombo kingine, chovya theluthi moja ya nywele za brashi, paka, kisha malizia kwa kupitisha ncha ya brashi kwa urefu wa nyuzi. Vanishi ikianza kunata, iache. Ukirudia hapo utaacha mistari ya brashi. Mikono 3 myembamba ni bora kuliko 2 minene, na ya mafuta mara nyingi inahitaji saa 24 kati ya mkono na mkono, na msasa 320 kila mara.

Upande wa chini wa meza ndio unaosahaulika zaidi. Juu kukiwa kumezibwa na chini kukiwa wazi, chini kunavuta na kutoa unyevu kwa kasi tofauti, na ubao unapinda. Basi piga chini na miishoni pia, angalau mikono miwili. Hapahitaji kung'aa, panahitaji kuzibwa.

Siku ya mvua usipulizie laka ya tina, ile ya kung'arisha inayokauka haraka. Tina inayovukiza haraka inapoza uso, mvuke wa hewani unageuka maji ndani ya laka, na weupe wa ukungu unatokea. Subiri siku kavu au tumia tina inayokauka polepole.

Fungua madirisha, zima moto wote, na vaa barakoa yenye chujio la mkaa, kwa sababu ile ya vumbi haizuii mvuke. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike. Mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze vimoja vimoja nje vikauke, au vizamishe ndani ya ndoo ya maji.

Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Poliyurethani ya mafuta inaweza kuhitaji hadi siku 30 ndipo iwe ngumu kabisa, kwa hiyo usiweke kitambaa cha plastiki wala kikombe cha moto juu yake kabla ya hapo.