Bunduki ya Babu na Jina Lisilokuwa Jina

Kwenye kadi ya zamani ya leseni, mbele ya neno mtengenezaji, paliandikwa ACIER COCKERILL. Ndivyo ilivyosomeka pia juu ya mitutu, kwa herufi kubwa za madaha, na kwa miaka yote ambayo baba mkubwa aliimiliki bunduki ile hakuna aliyejisumbua kuuliza huyo Acier ni mtu gani. Baba mkubwa alipofariki tukaikabidhi polisi, kisha ukoo ukakubaliana mimi ndiye nifuatilie uhamisho wa umiliki. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Namba ya kwenye kadi haikulingana na ya kwenye bunduki, na ofisa aliyenipokea akanirudishia karatasi zangu kwa upole kabisa: "Kijana, hatuwezi kukumilikisha silaha ambayo wewe mwenyewe hujui ni ipi."

Alikuwa na haki. Nilichokuwa nacho mimi ni hadithi. Kwetu Kigoma kila mtu wa ukoo anajua kuwa bunduki ya babu ni ya Mjerumani, ya vita vile vya 1914, na kuwa mitutu yake ni ya chuma cha Dameski. Baba mdogo huisimulia hadithi hiyo kila panapotokea msiba, na kila msiba Mjerumani anapanda cheo.

Nikaomba nimlete mtu anayezijua. Nilimpata mzee mmoja, askari wa wanyamapori mstaafu, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutunza silaha za kikosi. Tukaruhusiwa kuitazama palepale kituoni, sajenti akiwa amesimama pembeni. Mzee aliipokea, akaifungua, akachungulia mitutu yote miwili kuhakikisha ni mitupu, akaniambia na mimi nichungulie, kisha akamwonyesha sajenti. Ndipo akaketi.

Nilikuwa nikitazama mahali pasipo penyewe. Macho yangu yalikuwa kwenye nakshi za majani ubavuni na zile nyundo mbili za nje zilizojikunja kama masikio ya mbuzi. "Nyundo zisikudanganye, mwanangu," alisema. "Za namna hii ziliendelea kutengenezwa hata baada ya zile za nyundo za ndani kuenea. Umri wa bunduki haukai usoni, uko tumboni." Akachomoa ile mbao ya mbele inayoshikwa kwa mkono wa kushoto, akasukuma kitasa, akainua mitutu ikatoka. Akaigeuza chali.

Pale chini, kwenye sehemu bapa inayolalia mwili wa bunduki, mafuta yaliyoganda yalikuwa yamejenga ukoko. Nikatoa kisu cha mfukoni, akanikata jicho. Hakuna kukwangua, hakuna msasa, maana muhuri ukishafutika haurudi. Tulitumia mswaki wa zamani na mafuta mepesi, tukasubiri, tukapangusa, tukarudia mara tatu. Kisha akapaka unga wa chaki kwa kidole na kuufuta, ukabaki ndani ya mashimo tu. Nikawasha tochi ya simu na kuimulika kwa ubavu, mwanga ukawa unatambaa juu ya chuma. Sajenti naye akaacha kusimama pembeni, akainama.

Alama kubwa kuliko zote ilikuwa umbo la yai lenye herufi ELG ndani, nyota chini yake na taji juu. Huo ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji. Nchi kadhaa za Ulaya zina nyumba za aina hiyo: bunduki hushindiliwa baruti kupita kiasi cha kawaida, hufyatuliwa, na ikinusurika hugongwa muhuri. Birmingham, Uingereza, wanayo tangu 1813. Ukiujua muhuri wa kila mji, unajua bunduki ilipitia wapi, hata liandikwe jina gani juu yake. Muhuri wa Suhl, Ujerumani, ambao baba mdogo angeufurahia, ungekuwa na herufi kama U na S, kila moja na taji lake. Hapa hapakuwa na hata moja.

Taji lenyewe ndilo lililotupa umri. Liège waliliongeza juu ya yai 1893; kabla ya hapo yai lilikuwa kichwa wazi. Tena kuanzia 1922 wakaanza kugonga herufi ya mwaka, nasi tuliitafuta hadi macho yakauma, hatukuiona. Kwa hiyo ni katikati ya miaka hiyo. Kando palikuwa na kitu nilichodhani ni mshumaa juu ya ngazi, kumbe ni perron, mnara wa kale ambao ndio nembo ya mji wa Liège. Herufi ya peke yake yenye taji ni ya mkaguzi. Umbo la almasi lenye 12 na C ndani ni kaliba, yaani kipimo cha bunduki, na 18.4 ni upana wa tundu kwa milimita. Hiyo 12 yenyewe haihesabu milimita: chukua ratili moja ya madini ya risasi, gawanya goroli 12 zilizo sawa, kila moja itaenea tundu hilo. Mtutu wa kushoto ulikuwa na neno la ziada, CHOKE, na namba ya pili iliyo ndogo zaidi, maana yake umebanwa mdomoni ili marisaa yasitawanyike mapema.

Na Acier Cockerill? Mzee alicheka hadi akavua miwani. Acier ni Kifaransa, ni chuma cha pua. Cockerill ni kiwanda cha chuma cha Seraing, jirani na Liège. "Umeona shati limeandikwa pamba tupu, ukadhani ndilo jina la fundi cherehani." Dameski nayo ikafia hapohapo, kwa sababu mitutu ya aina hiyo husukwa kwa tepe za chuma laini na chuma kigumu, na msuko wake huonekana kama mawimbi. Huu ulikuwa mweusi mtupu. Jina la mtengenezaji halikuwepo popote. Huko Liège kazi iligawanywa kwa mafundi wengi waliofanyia majumbani, huyu mitutu, yule nyundo, mwingine kitako, na bunduki nyingi zilisafirishwa bila jina. Zilikuwepo herufi mbili tu za fundi wa mitutu, na mzee akakataa katakata kubahatisha ni nani.

Namba tuliikuta mahali patatu, kwenye mitutu, kwenye mwili na kwenye chuma cha ile mbao ya mbele, na zote zililingana: vipande vimezaliwa pamoja. Karani wa zamani alisoma 3 akaandika 8, bila shaka kwa sababu ya ule ukoko.

Kilichonikosesha usingizi ni alama isiyokuwepo. Bunduki za Liège zilizopimwa kwa baruti isiyo na moshi, ile kali ya risasi za siku hizi, zina simba juu ya herufi PV. Yetu haina, ilipimwa kwa baruti nyeusi tu. Juu ya hapo, mzee alipima chemba, pale risasi inapolala ndani ya mtutu, akapata milimita 65, wakati risasi za dukani siku hizi kwa kawaida ni 70. Ya 70 inaingia bila kugoma kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ikilipuka mdomo unafunguka, unakosa nafasi, na shinikizo linapanda. Baba mkubwa alifukuzia nyani mashambani kwa risasi yoyote aliyouziwa. "Mungu alimpenda," mzee alisema, akaifunga.

Kadi mpya imeandikwa Ubelgiji, mtengenezaji hajulikani. Imeandikwa pia, kwa ombi langu, kwamba haifyatuliwi.

Siku ya arobaini nilimweleza baba mdogo, taratibu, kwamba si ya Mjerumani. Alininyamazia kwa muda mrefu, akanywa chai yake. "Mwaka 1916 nani waliingia hapa Kigoma?"

"Wabelgiji, baba."

"Haya," akasema, akiwageukia wageni. "Huyo Mjerumani, alikuwa kanali, aliinunua Ubelgiji. Wenyewe wakaja kuidai."