Gari Liligoma Mtera, Sista Akaanza na Maswali

Dodoma mpaka Iringa ni lami tupu, kama kilometa 260, na ukiondoka saa nne asubuhi chakula cha mchana unakila Iringa. Ndivyo nilivyomwahidi mjomba. Fufu na Chipogoro tulizipita bila la kusimulia. Ni mibuyu, vumbi na jua la mwezi wa kumi, mvua bado zipo mbali. Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, bwawa la Mtera liko karibu mita 700, kwa hiyo kila ukizidi kushuka joto linazidi kupanda. Kufika pale bwawani, usukani ulikuwa haushikiki.

Mjomba akataka perege wa kukaanga. Nikazima gari, tukashuka. Fungu la samaki wadogo, wa kujaa kiganja tu, likatajwa elfu kumi na tano! Tukapunguziwa hadi elfu kumi na mbili, na bado naona ni ghali kwa samaki waliovuliwa hatua chache kutoka pale. Tukarudi garini, nikapiga starta. Ikazunguka vizuri, kwa nguvu, nginginginging, lakini injini haikuwaka. Nikaacha kidogo, nikarudia. Vilevile.

Watu wakajaa. Mmoja akasema betri. Lakini betri iliyoisha haizungushi starta namna ile. Inagonga tk-tk, au inajikokota mpaka unaihurumia. Mwingine akataka tusukume. Gari ni la otomatiki, hata tungelisukuma mpaka Iringa lisingewaka. Kilichonikera zaidi ni kwamba wote walikuwa wanazungumza na mjomba. Mjomba wangu hajawahi kushika usukani maishani mwake, funguo ziko mkononi mwangu, na bado kila swali lilikuwa "Mzee, gari yako imefanyaje?"

Akaitwa fundi. Akaja kwa bodaboda, bisibisi moja mkononi na spana mbili mfukoni. Akaniambia nipige starta, akasikiliza kwa muda wa kupepesa jicho, akamgeukia mjomba: "Mzee, pampu ya mafuta imekufa." Pampu ya mtumba itoke Iringa, ije na basi kesho yake, laki mbili na nusu. Ufundi elfu themanini. Bodaboda yake elfu kumi, tena hiyo itangulie. Niliitoa ile elfu kumi kwa sababu alikuwa ameshafika, lakini roho iliniuma.

Nilikuwa naanza kuulizia gesti ndipo pikapu ya misheni ikasimama, nayo kwa ajili ya samaki. Akashuka sista mmoja, mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi shingoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," mjomba akaitikia haraka.

Sista akatuangalia wote, kisha akaja kwangu. "Dada, wewe ndiye dereva? Lilizima lenyewe likiwa linatembea, au ulilizima wewe?"

Katika watu wote waliokuwa pale, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza kitu. Nikamwambia nililizima mimi. Akauliza kama limewahi kufanya hivi kabla. Nikamweleza kwamba likiwa la moto huwa linachelewa kuwaka, na asubuhi likiwa la baridi halina tatizo lolote. Akauliza nilijaza mafuta wapi, na kama lilikohoa njiani. Halikukohoa, na petroli yenye maji ingeanza kulisumbua gari mapema, wala isingesubiri tufike Mtera.

Kisha akaniambia nifungue swichi bila kupiga starta, na watu wote wanyamaze. Wakanyamaza kweli. Akainama kwenye kiti cha nyuma, akasikiliza. Mmmmm, kama sekunde mbili, kisha kimya. "Pampu hiyo," akasema. "Inafanya kazi." Akatahadharisha kwamba yapo magari ambayo pampu yake haiungurumi mpaka injini ianze kuzungushwa, kwa hiyo ukikosa sauti usikimbilie kuihukumu; lakini ukiisikia, umesikia. Yule fundi alikuwa amesimama pembeni, na namsifu kwa hili: hakuondoka. Alisogea ili asikie vizuri.

Sista akaja kwenye dashibodi. Taa ya injini iliwaka swichi ilipofunguliwa, maana yake kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, inapata umeme. Taa ya funguo ikawaka na kuzimika, maana yake gari limeitambua funguo yangu. Akaniomba nipige starta, akasikiliza mzunguko wenyewe. Ulikuwa mzito na wenye mapigo, pu-pu-pu, kwa hiyo mkanda au cheni ya taimingi haijakatika. Ikikatika injini huzunguka kwa wepesi, bila mapigo, kana kwamba ndani hamna kitu. Akaenda nyuma, akanusa ekzosi. Kwa starta nilizopiga, kama petroli ingekuwa inashuka pasingekosa harufu. Hapakuwa na harufu.

"Sasa piga tena, lakini usiniangalie mimi. Angalia mshale wa mizunguko ya injini, hapo kwenye dashibodi."

Nikapiga. Mshale ulilala kwenye sifuri, haukutikisika hata kidogo.

"Injini inazunguka," akasema, "lakini kompyuta ya gari haijui kwamba inazunguka."

Akatueleza kwamba kuna sensa inayosoma mzunguko wa kranki, ile shafti kubwa inayozunguka ndani ya injini. Kompyuta isipoletewa habari na sensa ile haiagizi moto kwenye plagi wala mafuta kwenye nozeli, hata kama pampu, plagi na koili zote ni nzima. Na sensa ikianza kuchoka mara nyingi huchokea kwenye joto: injini ikipata moto inakata, ikipoa inarudi. Yeye ni muuguzi wa zahanati, na alisema homa si malaria mpaka kipimo kiseme. Alijifunza magari kwa sababu gari la wagonjwa likigoma usiku, gereji iko mbali na mgonjwa yuko ndani.

Fundi ndiye aliyeipata ile sensa, chini karibu na gia boksi, akimulika kwa tochi ya simu. Soketi ndogo ya waya tatu, bolti moja ya namba kumi. Mama wa samaki akatoa jagi la maji. Sista akalowesha kitambaa, akakikamua sana ili maji yasichuruzike kwenye injini ya moto, fundi akakizungushia sensa. Kikikauka wanakilowesha tena. Tukakaa kivulini muda mrefu, mjomba akamaliza samaki wote.

Sista akasema nijaribu. Mshale ukaruka, injini ikashika papo hapo.

Nilitaka kumpa kitu, akakataa. Akasema ninunue fungu lingine kwa yule mama aliyetoa maji, na nisilizime gari mpaka nione gereji. Nikanunua, elfu kumi na mbili ileile, na safari hii haikuniuma. Mlima wa Nyang'oro tuliupanda taratibu, garini kunanukia samaki, mimi namuwaza sista na kuifikiria gereji yangu ya nyumbani Dodoma. Pale nimeuziwa plagi nne mpya, kisha koili, kwa huu huu ugonjwa wa kuchelewa kuwaka gari likiwa na moto. Hakuna aliyeniuliza kama linasumbua asubuhi au mchana. Hakuna aliyeangalia mshale, na kuangalia mshale ni bure. Mtu anafungua boneti, anataja kifaa, anataja bei, na sisi wenye magari tunatoa hela kwa sababu kesho kuna kazi.

Iringa wakachomeka mashine ya kupimia, elfu ishirini, ikaleta P0335, ndiyo namba ya sensa ya kranki. Sensa mpya walianza na laki moja na ishirini, tukaishia tisini. Kuifunga hakukuchukua hata muda wa kunywa chai. Wakataka wasafishe na nozeli, nikakataa.

Sensa ya zamani nimeifunga kwenye gazeti pamoja na risiti za plagi na koili. Nikirudi Dodoma naipeleka gereji ile, wanieleze walisikiliza nini kabla ya kunitajia bei.