Miezi saba, sungura watatu

Kila niliyemwambia nataka kufuga sungura alinipa jibu lile lile: "Hao hawana kazi, huzaana wenyewe." Aliyenijibu hivyo na aje huku uani anionyeshe sungura anayezaana mwenyewe. Mimi nilikaa na sungura watatu miezi saba, nikiwakatia majani, nikiwafagilia, nikiwaamkia alfajiri kama mtu mwenye mgonjwa ndani, na miezi saba ilipokwisha nilikuwa na sungura watatu.

Niliuziwa majike wawili na dume mmoja, wale weupe wa New Zealand wenye macho mekundu, wakiwa na umri wa miezi minne hivi. Muuzaji alikuwa akiwainua kwa masikio. Siku hizi nikimwona mtu anamwinua sungura kwa masikio sinunui kwake hata kamba, lakini siku ile nilidhani ndio utaalamu wenyewe. Nikamuuliza mbona dume haonyeshi korodani. Akasema, "Ameogopa, amezirudisha ndani." Ubaya wa uongo ule ni kwamba una nusu ya ukweli: dume wa sungura anaweza kabisa kuzirudisha ndani akishtuka. Nikalipa. Akaongeza bure ule wosia wa huzaana wenyewe.

Dume nikamwita Bwana Mkubwa, kwa kuwa alikuwa na mwili kuliko wenzake. Hilo peke yake lingenishtua kama ningejua kuwa kwa aina hii jike ndiye huwa mzito zaidi.

Banda nilijenga mwenyewe kwa mabaki ya mbao. Ukiwa na fedha kidogo, zipeleke zote kwenye waya wa sakafu, ule wa matundu madogo ambao kinyesi kinapita na mguu haupiti. Kuta hata za mabanzi zinatosha. Na kila mmoja awe na chumba chake, usiwachanganye.

Walipofika miezi sita nikampeleka jike wa kwanza kwa Bwana Mkubwa. Hakuchelewa. Akamrukia, akamng'ang'ania, nikatabasamu peke yangu kama mshenga. Nikachora mstari wa chaki mlangoni, na mwingine kila siku iliyofuata, kwa sababu nilikuwa nimeshika kitu kimoja sawasawa: mimba ya sungura ni siku 31, ikipungua au kuzidi ni kwa siku moja hivi.

Siku ya 17 nikamkuta jike anatembea na mdomo umejaa nyasi kavu kama mtu mwenye masharubu. Jioni akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani. Asubuhi kulikuwa na kiota kizuri ajabu, laini, cheupe, kimezungushwa vizuri. Nikaingiza mkono polepole, moyo unanidunda. Kitupu.

"Panya," jirani akasema bila hata kuja kuangalia. "Panya wamekula wote."

Basi nikatangaza vita. Niliziba matundu kwa saruji. Nilivisha miguu ya banda makopo ya bati ili panya asipande. Niliazima paka, akalala chini ya banda usiku kucha, sungura wakawa wanapiga miguu kwa hofu hadi nyumba nzima ikakosa usingizi, paka akarudishwa. Jike wa pili naye akapandwa, siku ya 18 akajenga kiota, kitupu. Nikaanza kukesha na tochi juu ya kigoda, fimbo mapajani. Wa kwanza akarudia tena. Safari hiyo nilikuwa macho usiku mzima, sikuona panya hata mmoja, na asubuhi kiota kitupu. Nikajiambia hawa panya wana akili kuliko mimi. Gharama usiniulize: waya ulikula nusu ya fedha, panya wakala iliyobaki.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja jirani aliyekuja kuomba kinyesi cha sungura cha kuweka kwenye mboga zake. Kinyesi hicho unakiweka kibichi na hakiunguzi mimea, na hiyo ndiyo faida pekee niliyokuwa nimeipata mpaka siku ile. Nikamsimulia habari za panya. Hakusema neno. Akavuta kigoda, akamtoa Bwana Mkubwa, akamlaza chali mapajani na kichwa kakibana kwapani, akabonyeza kwa vidole viwili pale chini ya mkia.

"Mwanangu, huyu unamwitaje?"

"Bwana Mkubwa, bibi."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Kisha akaniita niangalie. Ukibonyeza dume, kinachochomoza ni kitu cha mviringo, kama ncha ya mrija. Jike ana mpasuko mrefu kama jani, umeelekea mkunduni. Bwana Mkubwa alikuwa na jani. Akawakagua na wengine wawili: jani, jani. Nilikuwa na majike watatu.

Sasa vile viota? Sungura hana siku za joto zinazojulikana kama mbuzi au ng'ombe. Yai lake hutoka baada ya kupandwa, saa 10 hivi baadaye. Na majike hupandana wao kwa wao, kutafuta ukubwa tu. Jike akipandwa na jike mwenzake mwili wake unaweza kudanganyika, ukaachia yai na kujiandaa kama wenye mimba. Mimba hiyo ya uongo huisha kwa siku kama 17 au 18, na hapo ndipo anapokusanya nyasi na kujinyonyoa. Panya niliwaomba radhi kimoyomoyo.

Dume wa kweli nilimpata kwa msaada wa bibi huyo huyo. Alikuwa mdogo, kachakaa, sikio moja limechanika. Nikamwingiza kwenye chumba cha jike. Kosa jingine. Dume akazunguka ananusa pembe zote kama mkaguzi, jike akaona kavamiwa kwake, akamng'ata sikio lililobaki. Jike ndiye anayepelekwa kwa dume, kamwe si kinyume chake. Nilipogeuza mambo, kazi ilikwisha kabla sijafunga mlango. Dume alitoa mlio, akaanguka ubavu, akakakamaa. Nilidhani kafa! Kumbe ndivyo wanavyomaliza, na ukiona dume haanguki ujue bado hajafanya kitu. Laiti mtu angenieleza hilo tangu mwanzo, maana Bwana Mkubwa hakuwahi kuanguka hata siku moja. Bibi alinishauri nimrudishe jike kwa dume tena jioni ile, mimba ishike vizuri.

Inasemekana siku ya 12 au 14 unaweza kupapasa tumbo na kusikia watoto kama shanga. Mimi nilipapasa nikasikia shanga nyingi sana, kumbe ni kinyesi. Mpaka leo sijaweza, nahesabu siku tu.

Kwa kuwa nilikuwa nimedanganywa na viota mara tatu, nikaapa sanduku la kuzalia nitaliweka nikishaona watoto kwa macho yangu. Kiburi kibaya. Siku ya 30, alfajiri, nikakuta watoto saba wametapakaa juu ya waya, uchi, vipofu, kwenye baridi kali. Wawili walikuwa wamekwisha. Watano walikuwa baridi kama kokoto za mtoni, rangi imeingia kijivu, hawatikisiki. Jirani wa panya akasema wafukiwe.

Bibi akasema mtoto wa sungura hahesabiwi kafa mpaka awe na joto na bado asitikisike. Nikawatia watano wote ndani ya shati, kwenye ngozi ya tumbo, nikafunga mshipi juu. Chai nilinywa nao. Wakati huo nikajaza chupa maji ya moto ya kuvumilika mkono, nikaifunga kitambaa, nikawahamishia juu yake ndani ya sanduku lenye nyasi kavu. Kila yalipopoa nikabadilisha. Ilipita kama saa nzima bila chochote, nikaanza kujiona mjinga. Kisha mmoja akafungua mdomo, taratibu, kama anayepiga mwayo. Nusu saa nyingine, mguu. Kufika adhuhuri wanne walikuwa wanarukaruka kama punje za mahindi kwenye kikaango. Wa tano hakurudi. Nikaokota manyoya yote mama aliyojinyonyoa, nikawafunika, nikarudisha sanduku chumbani kwake. Harufu ya mkono wangu haikumkera hata kidogo, kwa hiyo yule anayesema ukiwagusa mama huwakataa, mpuuze.

Tangu hapo sanduku linaingia siku ya 28. Ukiliweka mapema zaidi jike analifanya choo.

Ushauri mbaya haukuisha. Siku ya pili wakaja watu: "Mama kawatelekeza, hakai nao." Nami nikaona ni kweli, amekaa upande wa pili anatafuna nyasi kana kwamba hao watoto ni wa jirani. Mmoja akanishawishi niwape maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Nikampa wa kwanza, yakampalia, akafia mkononi. Huyo bado ananiuma kuliko wale wa baridi, kwa sababu hakuwa na shida yoyote. Sungura ananyonyesha mara moja kwa siku, pengine mbili, dakika chache tu, mara nyingi gizagiza, kisha anakaa mbali. Wewe angalia tumbo la mtoto: likiwa limejaa kama ngoma, na weupe wa maziwa unaonekana chini ya ngozi, funga mlango uende zako. Likiwa na mikunjo, hapo ndipo umshike mama umkalishe juu yao.

Watatu waliobaki walifumbua macho siku ya 11. Mmoja nilimpoteza baada ya kumwachisha ziwa, kwa kuharisha, nilipobadilisha chakula ghafla na kuwapa majani yenye umande. Siku hizi majani yanalala juani kwanza mpaka yanyauke, na nyasi kavu hazikosekani usiku na mchana. Na ukimwona sungura mzima anainama kula kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka nyuma, usikimbilie dawa. Mimi nilimwita bwana mifugo kwa hilo. Alikuja, akaangalia, akaniangalia mimi.

Bwana Mkubwa jina lilimganda. Nilimpeleka kwa yule dume mwenye sikio bovu, dume akaanguka mara mbili, na siku ya 31 sandukuni mwake kulikuwa na watoto tisa, wamefunikwa manyoya mengi hata sikuwaona mpaka yalipotikisika. Jike mwenzake alizaa siku iliyofuata watoto watatu tu, nikamhamishia wawili, akawanyonyesha bila swali.

Juzi nikakutana na yule muuzaji njiani. Akanisalimu kwa furaha, akauliza dume aliyeniuzia anaendeleaje.

"Amezaa," nikamwambia. "Tisa."

Hakushtuka hata kidogo. "Si nilikwambia? Hao huzaana wenyewe."